Krimu au Kijivu? Wasomaji Wauliza Kuhusu Rangi za Kuta

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi na mume wangu tumehamia nyumba yetu wenyewe hapa Mamboleo, Kisumu, na kwa wiki tatu sasa tumeshindwa kukubaliana kuhusu rangi ya sebule. Mimi nataka krimu, ile inayokaribia maziwa yaliyoanza kuganda. Yeye anataka kijivu chepesi alichokiona nyumbani kwa mwenzake wa kazini. Fundi ametupakia sampuli mbili ukutani, kila moja ukubwa wa sahani, juu ya rangi ya kijani iliyoachwa na mwenye nyumba wa kwanza. Kila asubuhi nikibaki peke yangu naitazama krimu na kuiona inapendeza, huku kijivu kikionekana kama ukuta uliopigwa na moshi. Mume wangu, ambaye hurudi saa kumi na moja jioni, anaapa kwamba kijivu ndicho kilichotulia na kwamba krimu inamchoma macho. Sebule ni mita 4 kwa 5, ina dirisha moja kubwa linalotazama magharibi, vigae vya rangi ya matofali sakafuni na makochi ya hudhurungi. Fundi anataka pesa za ndoo ya lita 20 kufikia Jumatatu. Kati yetu ni nani anayeona sawasawa?
Mama Watoto, Mamboleo

JIBU: Mama Watoto, nyote wawili mnaona sawasawa, na jibu la ugomvi wenu umeliandika mwenyewe bila kujua: wewe unatazama ukuta asubuhi, naye anautazama saa kumi na moja jioni. Mnadhani mnabishana kuhusu rangi mbili, kumbe mnabishana kuhusu saa mbili za siku.

Chumba ambacho dirisha lake linatazama magharibi hakipati jua asubuhi. Kinachoingia ni mwanga wa anga tu, na mwanga wa anga una ubuluu ndani yake, kwa kuwa hewa huutawanya mwanga wa buluu kuliko ulio mwekundu. Krimu yako ina chembe ya manjano, kwa hiyo ubuluu huo unaipoza na kuifanya ionekane laini, safi na isiyo na makuu. Kijivu cha mumeo, ambacho bila shaka kina buluu iliyojificha ndani yake, kinaongezewa kile kile kilicho nacho tayari, kikapoa kupita kiasi na kufifia. Ndiyo maana unaona moshi.

Sasa subiri hadi saa tisa alasiri, jua linapoanza kuingia dirishani lenyewe. Kadiri linavyoshuka upande wa ziwa ndivyo miale yake inavyopita katika tabaka refu zaidi la hewa, buluu ikatawanyika njiani, na kinachofika ukutani mwenu saa kumi na moja ni mwanga wa manjano unaoelekea rangi ya chungwa. Isitoshe, unapiga kwanza vigae vyenu vya rangi ya matofali, ambavyo vinaurusha ukutani ukiwa umeongezewa wekundu. Krimu iliyokuwa na adabu asubuhi inageuka kuwa rangi ya embe lililoiva, na mtu anayerudi kutoka kazini na macho yaliyochoka ana haki ya kulalamika. Wakati huo huo kijivu kinapata joto ambalo hakikuwa nalo, kinatulia, nacho kinapendeza kweli. Mumeo hakudanganyika, kwa saa moja na nusu kila siku, kijivu chake kinashinda.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu wasomaji wengi hunitumia ushauri walioupata katika majarida ya Ulaya, usemao kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na kipakwe rangi za moto, na kinachotazama kusini kina jua tele. Ushauri huo ni wa kweli huko ulikoandikwa. Kwetu ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu mjini, na jua haliegemei upande mmoja mwaka mzima: Machi na Septemba linapita juu ya paa, katikati ya mwaka linaegemea kaskazini, na Desemba linaegemea kusini. Dirisha la kaskazini hapa hupata jua miezi kadhaa na kulikosa miezi mingine. Mwenye dirisha la mashariki au la magharibi ndiye anayejua hakika atakachopata, Januari kwa Desemba, mawingu yakiruhusu. Kwa hiyo dirisha lenu ni la kuaminika, na tunaweza kuamua kwa kulitegemea.

Jambo la pili ni sampuli zenyewe. Fundi amezipaka juu ya ukuta wa kijani, tena ndogo kama sahani, na kwa hali hiyo hakuna hata mmoja wenu aliyekwisha kuiona krimu au kijivu. Rangi iliyozungukwa na rangi nyingine hubadilika machoni. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa zimepauka; alipochunguza aligundua kwamba weusi wenyewe haukuwa na kasoro, kasoro ilitokana na rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Kijani kinachozunguka sampuli zenu kinaisukuma krimu kuelekea wekundu na kukitia kijivu haya ya waridi, na siku ambayo kijani hicho kitafunikwa, haya hiyo itaondoka nacho. Badala yake vigae na makochi ndiyo yatakayokuwa majirani wa ukuta, na majirani wa rangi ya matofali na hudhurungi hukisukuma kijivu upande wa buluu. Watu wengi waliopaka kijivu huniambia kwamba duka liliwauzia rangi isiyo yao, kwa kuwa waliagiza kijivu wakapata samawati. Mara nyingi duka halina kosa. Sakafu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Jambo la tatu, ambalo wewe hukulitaja kabisa na ndilo zito kuliko yote, ni usiku. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja kasoro, na nadhani familia yenu, kama familia nyingi, hukaa sebuleni pamoja kuanzia saa moja hadi saa nne. Saa hizo tatu ukuta hauoni jua wala anga, unaona balbu. Soma maandishi yaliyo kwenye boksi la balbu zenu: kama yanasema 6500, hiyo ni balbu nyeupe yenye ubuluu, na ndiyo iliyojaa madukani, kama yanasema 2700 au 3000, ni balbu yenye mwanga wa manjano, unaofanana na ule wa balbu za zamani za waya. Chini ya balbu ya 6500, kijivu cha mumeo kitakuwa baridi kama barabara ya lami baada ya mvua, na krimu yako itapoteza joto lake na kuonyesha ukijani kidogo. Chini ya 3000, krimu itarudi ilivyo, na kijivu kitakaa katikati.

Hili nimejifunza kwa gharama yangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mpangaji katika mtaa mmoja wa mji huo huo wenu, nilichagua rangi ya chumba cha kulala dukani chini ya taa ndefu za mirija, nikiamini nimepata samawati ya mbingu ya asubuhi. Nilipomaliza kupaka na kuwasha taa yangu ya manjano, nilikuwa nimelala ndani ya chupa ya kijani. Niliishi ndani ya chupa hiyo miezi minane.

Basi kabla ya Jumatatu fanyeni hivi, hata kama fundi atanuna. Nunueni kopo dogo la lita moja la kila rangi na vipande viwili vya hadibodi visivyopungua sentimita 60 kwa kila upande. Vipakeni kwanza rangi nyeupe, kisha mpake sampuli mara mbili, mkiacha ukingo mweupe wa upana wa vidole vitatu pande zote ili kijani cha ukutani kisiingilie. Viacheni vikauke hadi kesho yake, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi ina weupe wa gundi yake, na gundi ikikauka inakuwa angavu na rangi inakolea. Anayehukumu rangi mbichi anahukumu kitu ambacho hatakiona tena. Halafu tafuteni ile buluu iliyojificha: laza karatasi nyeupe ya kawaida kando ya kila kipande, na utashangaa jinsi kijivu kitakavyokiri chenyewe kama ni cha buluu, cha kijani au cha zambarau.

Baada ya hapo vitenganisheni. Kipande kimoja kiegemezeni ukutani mkabala na kochi mnalokalia, kwa siku nzima, kingine kikiwa kimefichwa, na kesho yake mbadilishane. Mkiviweka bega kwa bega kila kimoja kitakuwa kinamvuta mwenzake, na ninyi hamtaishi na rangi mbili bega kwa bega. Tazameni saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku taa zikiwa zimewaka, na nyote wawili muwepo walau mara mbili kati ya hizo tatu. Picha za simu zisiamue jambo hili, kwa kuwa kamera husahihisha mwanga yenyewe na kuwapa rangi inayodhani mngependa kuiona. Simu ina faida moja tu hapa: piga picha ya vipande vyote viwili pamoja, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe, na utaona mara moja ni kipi kinachorudisha mwanga zaidi. Baadhi ya kadi za rangi huonyesha kiwango hicho kwa nambari, kuanzia 0 kwa nyeusi kamili hadi 100 kwa nyeupe kamili. Krimu nyepesi kwa kawaida huwa kati ya 75 na 85, ilhali vijivu vingi vinavyouzwa kama vyepesi huwa kati ya 50 na 65. Katika chumba chenye dirisha moja, tofauti hiyo si ndogo.

Umeniuliza ni nani anayeona sawasawa, na sitakukimbia. Mimi ningepaka krimu, lakini si hiyo uliyoichagua. Ningeshuka hatua moja au mbili kwenye kadi hiyo hiyo, nikapata iliyo nyeupe zaidi na yenye manjano machache, halafu ningebadilisha balbu ziwe za 3000. Sababu yangu ni hii: tatizo la krimu ni mwanga uliozidi alasiri, na mwanga uliozidi huzuiwa na pazia, tatizo la kijivu ni mwanga uliopungua asubuhi, na hakuna mtu anayetaka kuwasha stima saa nne asubuhi ili ukuta wake uchangamke. Vigae na makochi yenu pia vimekwisha kupiga kura, nanyi hamna mpango wa kuvibadilisha. Ama pazia hilo, mwachie Baba Watoto alichague yeye, na akichagua la kijivu sitampinga, kwa kuwa litakuwa mahali pale pale ambapo jua la saa kumi na moja litalipendeza.

Neno moja kuhusu ndoo. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa karibu mita 48 za mraba, na ukitoa dirisha na milango inabaki kama mita 42. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kwenye plasta laini. Mikono miwili ni lita 8 na kitu. Makopo matatu ya lita 4 yanatosha na kubakiza ya marekebisho, hata kijani hicho cha zamani kikihitaji kufunikwa kwanza kwa rangi nyeupe ya bei nafuu. Muulize fundi, kwa upole, lita nyingine nane zinakwenda nyumba ya nani.

SWALI: Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lanet, Nakuru. Chumba changu cha kulala kina dirisha la mashariki, na nje ya dirisha hilo, hatua tatu tu, kuna ua mrefu wa kaiyaba. Nimebakiza rangi mbili, samawati nyepesi na kijani chepesi kama jani la kabichi la ndani. Binti yangu anasema samawati itaongeza baridi, nami baridi ya Nakuru naijua. Je, ana haki?
Mwalimu, Lanet

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na baridi ya usiku mnayoipata huko inatoka nje na kupitia katika paa, madirisha na nyufa za milango. Rangi ya ukuta wa ndani haiiongezi wala kuipunguza hata kwa nyuzi moja. Binti yako ana haki kwa namna nyingine, kwamba mtu aliyelala katika chumba cha samawati huweza kuhisi ubaridi kabla hajaupima, na hisia hiyo si ya kudharauliwa saa kumi alfajiri.

Lakini mimi nisingeamua kwa baridi. Ningeamua kwa kaiyaba. Jua la asubuhi, kabla ya kufika ukutani kwako, linapiga ule ua na sehemu yake inarudi chumbani ikiwa imebeba kijani cha majani. Simama chumbani saa mbili asubuhi siku isiyo na mawingu, inua karatasi nyeupe hadi kimo cha kifua, uielekeze dirishani, kisha uitazame kwa makini. Utakiona kijani hicho kwenye karatasi. Samawati ikipokea kijani hicho itakuwa rangi ambayo haimo katika kadi yoyote, si samawati wala kijani, na itabadilika kila utakapoupunguza ua. Kijani chepesi kinapokea kilicho chake, kikaongezeka kidogo tu. Kwa sababu hiyo chagua kijani, ila uchukue kilicho hafifu kuliko unachokipenda kwenye kadi, kwa maana kuta nne zinazotazamana hurushiana rangi na kuikoleza. Kile kilichofanana na jani la ndani la kabichi dukani kitafanana na jani la nje kikishaenea chumba kizima.

SWALI: Mshauri, napanga nyumba ndogo mjini Kakamega, na mwenye nyumba ameniruhusu kupaka ushoroba usio na dirisha mradi ubaki mweupe. Kumbe nyeupe si moja! Dukani nimeonyeshwa nyeupe tupu na nyeupe yenye krimu kwa mbali. Ipi itafaa, ikizingatiwa kwamba nina watoto wawili wenye mikono?
Mpangaji, Kakamega

JIBU: Ndugu Mpangaji, katika ushoroba usio na dirisha tofauti ya nyeupe hizo mbili itaamuliwa na balbu peke yake. Balbu ikiwa nyeupe, nyeupe tupu itakuwa na ukali wa chumba cha sindano. Ikiwa ya manjano, mgeni hataweza kukuambia ni ipi uliyopaka. Chukua yenye krimu kwa mbali, na uulize kuhusu mng'ao badala ya kuhangaikia weupe. Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta lakini alama ya kiganja ikisuguliwa na kitambaa chenye maji huacha doa linalong'aa. Yenye mng'ao wa hariri huoshwa mara nyingi bila kuchakaa upesi, ila taa iliyo karibu na ukuta itaonyesha kila kovu la plasta. Kwa watoto wawili, mimi ningekubali makovu.

Nunua makopo yote siku moja kutoka mchanganyiko mmoja, na kabla ya kupaka uyachanganye katika ndoo moja, kwa sababu hata nyeupe mbili zenye nambari moja ya rangi huweza kutofautiana kidogo, na mahali zitakapokutana ukutani utapaona kila siku. Hiyo nambari iandike kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati la mita ya stima, pamoja na tarehe, ili utakapohama mwenye nyumba ajue cha kuagiza.